Ngoma Mbele ya Kamera

Picha zinazotembea za ndugu Lumière zilioneshwa Mumbai kwa mara ya kwanza tarehe 7 Julai 1896, lakini sanaa ya ngoma ya India ilichelewa kupata nafasi mbele ya kamera. Dadasaheb Phalke alipotengeneza filamu ya Raja Harishchandra mwaka 1913 hakumpata mwanamke aliyekubali kuigiza. Hata wanawake waliokula kwa kucheza ngoma walikataa, na nafasi ya malkia ikachukuliwa na mwanamume. Katika filamu iliyofuata, Mohini Bhasmasur, ndipo walipojitokeza Durgabai Kamat na binti yake Kamlabai. Kwa jirani asiyekijua kisa hicho: Bhasmasur alikuwa jitu lenye uwezo wa kumteketeza yeyote kwa kumgusa kichwani. Mohini akamwalika acheze naye na kumfuatisha kila ishara. Mohini alipojiwekea mkono kichwani, jitu nalo likafanya vivyo hivyo, likawa majivu. Kwa hiyo wanawake wetu waliingia katika filamu kwa mlango wa ngoma, na mlango huo haukufungwa tena.

Alam Ara, filamu ya kwanza ya India yenye sauti, ilitoka tarehe 14 Machi 1931 ikiwa na nyimbo 7. Wimbo ukamvuta mchezaji. Mwaka 1948 Uday Shankar alitoa Kalpana, filamu iliyosimuliwa karibu yote kwa ngoma, na mwaka huohuo S. S. Vasan wa Madras, katika Chandralekha, akawapandisha wachezaji juu ya ngoma kubwa mno. Mwaka 1955 V. Shantaram alimpa Gopi Krishna, bingwa wa kathak, nafasi ya mhusika mkuu. Kisha mwaka 1960 ikaja Mughal-e-Azam, na Madhubala akicheza katika ukumbi wa vioo. Nimeona filamu nyingi. Sijaona ukumbi mwingine kama ule.

Filamu za Kihindi zilivuka bahari zikafika kwetu. Hapa Dar es Salaam watu walifurika Avalon, Empire na Odeon, hasa Jumapili, na hawakuwa Wahindi peke yao. Majirani wasiojua neno la Kihindi walitoka wakiimba, na waimbaji wa taarab wakazitwaa tuni za filamu hizo na kuzivika mashairi ya Kiswahili.

Kamera, hata hivyo, humchagulia mtazamaji cha kuona. Huko Marekani, katika miaka ya 1930, Fred Astaire alishikilia kwamba mwili wake wote uonekane, tangu utosi hadi kiatu, na picha isikatwekatwe. Watengenezaji wa India walipenda kuusogelea uso. Siwalaumu sana, maana katika ngoma zetu jicho na nyusi husimulia hadithi. Lakini miguu ilipotea.

Hasara hiyo iliipata zaidi garba, ngoma yetu ya Gujarat. Garba huchezwa kwa duara, kuizunguka taa iliyowekwa ndani ya chungu cha udongo, kwa heshima ya Mama, katika usiku 9 za Navaratri. Duara halina mbele wala nyuma. Filamu zililipenda: Saraswatichandra mwaka 1968, Suhaag mwaka 1979, Hum Dil De Chuke Sanam mwaka 1999. Lakini ili kamera ione, duara lilifunguliwa likawa safu, na wachezaji wakaipa taa mgongo.

Kisha ikaja video. Mtambo wa VHS ulianza kuuzwa Japani mwaka 1976. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu 1973, lakini Bara ilisubiri hadi 1994. Katika miaka ya 1980 aliyekuwa na seti huku Bara aliitumia kutazama mikanda. Kwa mara ya kwanza mwanafunzi wa ngoma aliweza kumsimamisha mwalimu, kumrudisha nyuma, na kumtazama tena. Wasichana wetu wengi walijifunza hivyo. Ila anayemwigiza mchezaji aliyemwelekea hugeuza kulia kuwa kushoto, na katika duara kosa hilo humgonganisha na jirani yake.

Mikanda iliyorekodiwa na familia zenyewe ni jambo jingine. Mpiga picha wa harusi, au mjomba mwenye kamera begani, alisimama pembeni akaacha kamera iende bila kukata. Ndani ya mikanda hiyo mna hatua za bibi zetu kama walivyozileta kutoka Kutch na Kathiawar: polepole, kwa makofi, wakiimba wenyewe bila kipaza sauti. Hakuna filamu iliyozihifadhi.

Desemba 2023, katika mkutano uliofanyika Kasane, Botswana, UNESCO iliiingiza garba katika orodha ya urithi wa binadamu. Wakati huohuo joto na unyevu wa pwani vinaiotesha ukungu mikanda iliyomo makabatini mwetu, na mashine za kuichezea zilikoma kutengenezwa mwaka 2016. Aliye na mkanda wa Navaratri ya miaka hiyo asiutupe. Aandike juu yake mwaka na majina ya wanaoonekana, maadamu wapo wazee wanaoweza kuwatambua, kisha autafutie fundi wa kuunakili katika kompyuta.