Kishoka, Tezo na Kisu

Siku moja nilikuwa Ruanda, wilayani Mbozi, katika Mkoa wa Songwe. Nje ya nyumba moja mzee alikaa kwenye kigoda, na mbele yake mjukuu wake alikuwa akichonga mpini wa shoka. Kijana alikuwa na kishoka na kisu, basi. Kila alipofanya haraka mzee alimzuia: "Geuza mti, mjukuu wangu. Fuata nyuzi zake." Nilisimama pale zaidi ya nusu saa, nikijiuliza ujuzi wa namna hii hupitaje toka mkono hadi mkono, na kwa nini mahali pengine hukatika.

Mbozi yenyewe inalo jibu moja. Wanyiha walikuwa mafundi wa chuma. Waliyeyusha mawe ya chuma katika matanuri marefu ya udongo, kwa makaa ya miti, na wahunzi wakafua majembe, mikuki na mashoka. Ukoloni ulipoleta majembe ya kiwandani kutoka Ulaya, matanuri yakazimika. Shoka la yule kijana limetoka dukani. Mpini tu ndio wa kwao.

Jibu jingine liko pwani. Wazaramo tangu zamani huchonga mwana hiti, kile kinyago kidogo cha mti kinachokwenda na mafunzo ya mwali awapo ndani. Katika Vita Kuu ya Kwanza, 1914 hadi 1918, Waingereza waliwachukua watu wengi kutoka Kenya kuja kupigana na Wajerumani huku kwetu, wengi wao wakiwa wapagazi. Mmoja wa waliokuja alikuwa Mkamba wa Wamunyu, Mutisya Munge. Hakuja kutafuta ufundi. Vita ndivyo vilivyomleta. Lakini alikuwa na mkono wa fundi tangu kwao, na alipowaona Wazaramo wakichonga mpingo, alijifunza kwao. Vita vilipokwisha akarudi Wamunyu, akawa anachonga vinyago vya kuuza, na kazi ikaenea kwa jamaa na majirani. Kufikia mwaka 1963 wachongaji wa Kikamba walikuwa na chama chao cha ushirika Mombasa. Mtalii anayenunua twiga wa mti Nairobi hajui kwamba kazi ile ina babu Uzaramoni. Hilo namsamehe. Sisi wenyewe kutojua, hapo ndipo ninapoudhika.

Kazi hii haifundishwi kwa maneno mengi. Mchongaji hushika gogo kwa mkono mmoja na tezo kwa mkono wa pili, akabandua ganda na sehemu nyeupe ya nje mpaka akutane na kiini cheusi. Mpingo ni mgumu, hula makali, kwa hiyo kunoa ni nusu ya kazi. Tezo hutoa umbo, kisu hutoa uso, msasa humalizia. Mwanagenzi huanzia kwenye msasa. Macho na midomo ya kinyago hukabidhiwa baadaye sana, akishaharibu vya kutosha.

Waswidi jambo hili walilitia darasani. Katika miaka ya 1870 Otto Salomon alifungua huko Nääs chuo cha kuwafundisha walimu kazi za mikono. Chombo cha kwanza kilikuwa kisu, kwa sababu mtoto wa shamba alikwisha kukizoea nyumbani, na kila zoezi lilipaswa kutoa kitu cha kutumika. Walimu walitoka nchi nyingi kwenda kusoma kwake.

Sisi pia tulipata mkono wa Uswidi: kwa msaada wake, mwaka 1975 Tanzania ilianzisha Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, na useremala ukawamo. Laiti kila chuo kingemwita mzee mmoja wa kijiji cha jirani, hata mara moja kwa juma, akaja na tezo lake, akapewa kigoda na posho kama mwalimu mwingine yeyote. Cheti hana. Wanafunzi wakimkosa, watampata wapi akishazikwa?

Pale Ruanda, kijana alijaribu mpini kwenye tundu la shoka, ukagoma. Akamnyoshea babu yake amalizie. Mzee hakuupokea. Alimrudishia kisu.