Bendera Mbili za Fort McHenry

Waswahili husema kwamba bendera hufuata upepo, na aghalabu msemo huo hutumiwa kumlaumu mtu asiye na msimamo. Lakini mshonaji wa bendera hawezi kuukubali kuwa ni lawama. Kwake yeye bendera isiyofuata upepo ni kazi iliyoharibika: hulala juu ya mlingoti kama nguo iliyoanikwa, rangi zake zimejificha katika makunyanzi, na atazamaye kutoka mbali hawezi kujua ni ya dola gani. Kwa hiyo kila atakaye kutweka bendera ya dola mahali pa wazi hana budi kujibu maswali mawili: iwe kubwa kiasi gani, na ishonwe kwa kitambaa gani. Majibu ya maswali hayo hupingana. Bendera kubwa huonekana mbali, lakini hukamata upepo mwingi na kuuelemea mlingoti. Kitambaa kizito huvumilia mikiki, lakini hakipepei katika upepo mdogo. Historia ya ngome ya Fort McHenry, katika bandari ya Baltimore nchini Marekani, yaonyesha jinsi watu walivyoyajibu maswali hayo katika mwaka wa 1813, na jinsi jibu lao lilivyokuwa na busara kuliko lilivyokumbukwa baadaye.

Vita baina ya Marekani na Uingereza vilianza mwezi wa Juni 1812. Fort McHenry ililinda mlango wa bandari, na mkuu wake, Meja George Armistead, alijua kwamba siku moja manowari za Waingereza zitakuja. Katika zama zile, kabla ya simu na redio, bendera ya ngome haikuwa pambo. Ilikuwa habari. Wenyeji wa mji na mabaharia wa pande zote mbili waliitazama ili kujua ngome imo mikononi mwa nani. Na ikituliwa katikati ya mapigano, maana yake ilikuwa moja tu, kwamba walinzi wamesalimu amri. Habari kama hiyo yapasa isomeke kwa maili nyingi. Basi katika kiangazi cha mwaka wa 1813 ziliagizwa bendera mbili kwa mjane mmoja wa Baltimore, Mary Pickersgill, aliyeishi kwa kazi ya kushona bendera, kazi aliyofunzwa na mama yake, Rebecca Young.

Bendera ya kwanza ilikuwa na kimo cha futi 30 na urefu wa futi 42. Ya pili, iliyoitwa bendera ya dhoruba, ilikuwa futi 17 kwa 25. Zote zilikuwa na nyota 15 na milia 15, kwa kufuata sheria iliyopitishwa mwaka wa 1794. Eneo la ile kubwa lilikaribia mara tatu ya eneo la ndogo. Mlia mmoja tu ulikuwa na upana wa karibu futi 2, na nyota moja vilevile. Kwa ile kubwa Bibi Pickersgill alilipwa dola 405 na senti 90. Kwa ndogo dola 168 na senti 54.

Mtu aweza kuuliza: ikiwa kubwa yaonekana mbali zaidi, ya nini kulipia ndogo? Jibu limo katika mlingoti. Mlingoti wa ngome ulikuwa na kimo cha karibu futi 90. Kanuni ya siku hizi husema kwamba urefu wa bendera uwe robo ya kimo cha mlingoti, au uzidi kidogo. Kwa kanuni hiyo, mlingoti wa futi 90 wastahili bendera ya futi 22 au 25. Yaani ile ndogo ndiyo iliyokuwa saizi yake. Ile kubwa ilikaribia nusu ya mlingoti. Katika siku ya jua na upepo wa wastani ilikuwa fahari ya kutazamwa, lakini katika mvua na dhoruba ingeweza kuuvunja mlingoti uleule uliokuwa ukiibeba. Mlingoti wenyewe ulishikiliwa chini ya ardhi na magogo ya mwaloni yaliyopishana kama msalaba. Yalifukuliwa mwaka wa 1958. Hapana shaka waliouchimbia mlingoti ule waliujua uzito wa upepo.

Swali la kitambaa nalo lilijibiwa kwa uangalifu. Hariri ni nyepesi na yapendeza, lakini haivumilii mlingoti wa ngome usiku na mchana. Pamba, kila afuaye nguo aijua tabia yake: hunywa maji upesi, huwa nzito, na hukawia kukauka. Kitani kina nguvu, lakini ni kizito kwa bendera ya ukubwa ule. Kilichochaguliwa kilikuwa kitambaa cha sufu kilichofumwa kwa nyuzi zilizoachana, hata upepo ukaweza kupenya na kukiinua. Sufu hushika rangi barabara, na buluu yake ilitiwa kwa nili. Walakini majora ya kitambaa hicho yalikuwa membamba, upana wake haukuzidi inchi 18, na kwa hiyo kila mlia mpana ulipaswa kuungwa. Nyota peke yake zilikatwa katika pamba nyeupe, na hapo Bibi Pickersgill alionyesha ustadi. Badala ya kushona nyota mbili, moja kila upande, alishona nyota moja upande mmoja, kisha akaikata buluu iliyokuwa nyuma yake ili nyota ileile ionekane upande wa pili. Kwa njia hiyo aliipunguzia bendera uzito wa nyota 15. Na kuna kinaya katika habari hii: sufu yenyewe ilifumwa Uingereza, katika nchi ya adui.

Kazi kubwa kama ile haikuenea katika nyumba yake. Usiku bendera ilitandazwa juu ya sakafu ya kiwanda cha pombe kilichokuwa jirani, nao washonaji wakafanya kazi wamepiga magoti. Alisaidiwa na binti yake Caroline, na binti wawili wa ndugu yake, na msichana mweusi aliyeitwa Grace Wisher. Msichana huyo hakuwa mtumwa. Lakini mama yake, aliyekuwa mwanamke huru, alikuwa amemweka chini ya mkataba wa miaka 6 ajifunze kazi za nyumbani na kushona. Katika mji ambamo watu weusi wengine waliuzwa na kununuliwa, mkono wake ulitia sindano katika alama ya uhuru wa taifa. Kwa miaka mingi jina lake halikutajwa, ila mishono haikumtenga. Iliyo yake na iliyo ya wenziwe imo pamoja.

Bendera zilipokewa Agosti 1813. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 24 Agosti 1814, Waingereza waliuteketeza mji wa Washington, kisha wakaielekea Baltimore. Asubuhi ya tarehe 13 Septemba manowari zilianza kuipiga ngome, na makombora yaliendelea kwa saa 25. Usiku mvua ilinyesha kwa nguvu. Wanahistoria wengi hukubali kwamba katika dhoruba ile iliyokuwa mlingotini ni bendera ndogo, kwa maana ndiyo kazi iliyoshonewa. Asubuhi ya tarehe 14, Waingereza walipokuwa wakiondoka, ndogo ilituliwa na kubwa ikatwekwa. Wakili Francis Scott Key, aliyezuiliwa chomboni miongoni mwa merikebu za Waingereza, aliiona akatunga shairi, ambalo katika mwaka wa 1931 lilifanywa wimbo wa taifa.

Tokea hapo sifa zote zilikwenda kwa ile kubwa. Ndogo, iliyolowa usiku kucha, haikuhifadhiwa. Kubwa ilibaki katika jamaa ya Armistead, na huko ilipata hasara ambayo upepo haukuweza kuitia. Watu walioipenda waliomba vipande vya ukumbusho, nao wakakatiwa: kidogo kwa askari mkongwe, kidogo kwa mheshimiwa, hata nyota nzima ikatoweka. Ilipofika katika jumba la makumbusho la Smithsonian mwaka wa 1907, urefu wake ulikuwa umepungua futi 8. Mwaka wa 1914 ilishonewa kitani nyuma, kwa mishono ipatayo milioni 1.7, ili isichanike. Kuanzia mwaka wa 1998 mafundi walianza kazi ya kuiokoa upya, na kitani hicho kikaondolewa. Sasa imelazwa karibu sawasawa katika chumba chenye mwanga hafifu, maana haiwezi tena kuubeba uzito wake yenyewe.

Siku hizi bendera za nje hushonwa kwa nailoni, iliyo nyepesi na hukauka upesi, au kwa poliesta, iliyo nzito na huvumilia pepo kali. Majina ya vitambaa yamebadilika, lakini mashindano baina ya kuonekana na kudumu hayajaisha. Walinzi wa Fort McHenry hawakutafuta kitambaa kimoja cha kufaa hali zote. Walikuwa na bendera ya kuonekana na bendera ya kuvumilia, na wakajua saa ya kutua moja na kutweka nyingine. Yaliyotokea baadaye yafundisha kwamba watu huimba habari za bendera waliyoiona asubuhi. Lakini iliyoufuata upepo wa usiku, katika mvua na makombora, bila ya kuuvunja mlingoti, ndiyo iliyowapa asubuhi hiyo.