Chumba, si kifaa, ndicho huharibu sauti ya podikasti

WATU wengi wanaoanzisha podikasti, yaani vipindi vya sauti vinavyosambazwa kwa njia ya intaneti, huanza kwa kununua kipaza sauti cha bei kubwa. Wanaporekodi sebuleni, sauti husikika kana kwamba wanazungumza ndani ya pipa. Mara nyingi chanzo cha kasoro hiyo si kifaa, bali ni chumba chenyewe.

Sauti husafiri hewani kwa kasi ya takriban mita 340 kwa sekunde. Penye kuta za saruji, sakafu ya vigae na madirisha ya vioo, hugonga sehemu hizo ngumu na kurudi, hivyo kipaza sauti hunasa maneno pamoja na mwangwi wake. Ili kukipima chumba, gonganisha viganja mara moja kwa nguvu na usikilize. Mlio ukiendelea kuvuma, mahali hapo panahitaji kurekebishwa.

Vitu laini na vizito ndivyo vinavyofyonza mwangwi. Chumba cha kulala chenye godoro, zulia, mapazia mazito na kabati la nguo lililo wazi hufaa kuliko sebule kubwa. Mwaka 2020, wakati wa janga la Uviko-19, baadhi ya watangazaji wa redio walirekodi nyumbani wakiwa katikati ya nguo zilizotundikwa, au wamejifunika blanketi. Trei za mayai, ambazo wengi huzibandika ukutani, ni nyepesi mno kwa kazi hiyo.

Hata hivyo, blanketi hupunguza mwangwi tu. Haizuii kelele za nje. Pikipiki, jenereta ya jirani na mvua juu ya bati huepukwa kwa kuchagua saa tulivu. Aidha, feni na kiyoyozi vizimwe wakati wa kurekodi.

Jambo la pili ni umbali. Kipaza sauti kiwe sentimeta 10 hadi 15 kutoka mdomoni, pembeni kidogo, ili pumzi ya herufi "p" na "b" isikipige moja kwa moja. Kila umbali unapoongezeka maradufu, sauti ya msemaji inayokifikia hupungua kwa takriban desibeli 6, ilhali mwangwi wa chumba hubaki karibu vilevile. Ndiyo maana simu ya kawaida iliyo karibu yaweza kushinda kipaza sauti cha gharama kilicho mwisho wa meza.

Kabla ya mazungumzo, rekodi dakika moja ya majaribio na kuisikiliza kwa visikilizio vya masikioni. Vilele vya sauti vikikaribia desibeli -12 vinatosha. Vikifika sifuri, sauti hupasuka.

Programu za kompyuta huweza kupunguza mwangwi baada ya kurekodi, lakini mara nyingi hula sehemu ya sauti yenyewe. Hasara hiyo ni kubwa zaidi pale msemaji anapokuwa bibi au babu anayesimulia maisha yake. Simulizi hiyo huenda isipatikane tena, na robo saa ya kutundika blanketi ni gharama ndogo ya kuihifadhi ikasikika vema.