Nani Hubeba Uzito wa Picha?

Kamera iliyokuwa ipite Uzinza mwaka 1861 iliishia njiani. Mwaka mmoja kabla, James Augustus Grant alikuwa amepiga picha Zanzibar, kisha akaanza safari ya bara na John Hanning Speke. Siku hizo picha ilitengenezwa kwa sahani ya kioo iliyopakwa dawa papo hapo, ndani ya hema dogo la giza. Speke aliona joto la hema lile lingemuua mwenzake, akairudisha kamera pwani. Hivyo walipovuka Uzinza, nchi ambayo leo ndani yake kuna Buseresere, Grant alichora kwa mkono.

Miaka 40 na zaidi baadaye, Mjerumani Carl Georg Schillings alipiga picha za wanyama usiku katika nyika za Afrika Mashariki, na mwaka 1905 akazichapisha kitabuni. Jina lililobaki ni lake. Lakini katika misafara ya enzi hizo, kamera, sahani na dawa zilisafiri juu ya vichwa na mabega ya wapagazi. Historia ya picha hapa kwetu ni historia ya mabega pia.

Kazi ya mabega ilipohamia kwenye stendi ya miguu mitatu, likabaki swali la kiungo. Mwaka 1841 Mwingereza Joseph Whitworth alipendekeza skrubu za vipimo vya aina moja. Kipimo chake cha robo inchi, nyuzi 20 kwa kila inchi, ndicho kilichorithiwa na kamera. Ndiyo maana kamera iliyoundwa Japani inakaa kwenye stendi iliyonunuliwa Katoro. Ila kufunga na kufungua skrubu kunachelewesha. Ikaja pleti: inabaki imefungwa chini ya kamera, unaitelezesha kwenye kibanio na kukaza. Umbo la kampuni ya Arca-Swiss, lenye kingo za mshazari na upana wa karibu milimita 38, limeigwa na wengi, ingawa si wote wanaolingana sawasawa.

Kwa mpiga picha wa harusi wa Buseresere, tofauti hiyo ndogo ni mtaji. Lenzi ya milimita 70 hadi 200 yenye tundu kubwa hufikia kilo moja na nusu. Ukifunga pleti kwenye kamera, uzito wote unavuta mbele, skrubu inajizungusha na mdomo wa kamera unaumia. Ifunge kwenye mguu wa lenzi yenyewe. Chagua pleti ndefu, uisogeze mpaka mzigo ukae katikati, na iwe na vizuizi miishoni ili isichomoke. Kibanio cha kuzungusha kwa mkono hukubali pleti za makampuni tofauti kuliko cha wenzo.

Ukishakaza, vuta kidogo kabla ya kuachia. Mpagazi angesema akichoka, pleti haisemi.