Kutoka Silikoni hadi Karatasi: Historia ya Maabara za Chipu

Maabara ya chipu ni kibao chembamba kinachoenea kiganjani, kilichochongwa mifereji yenye upana unaopimwa kwa maikromita, yaani sehemu za milioni za mita, ambamo matone ya damu au kemikali hupitishwa, huchanganywa na kupimwa bila kuhitaji meza iliyojaa chupa na mirija. Historia yake huanzia Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, ambako mwaka 1979 Stephen Terry na wenzake walichonga mfereji wa mzunguko wenye urefu wa mita 1.5 juu ya kisahani cha silikoni, malighafi ya vifaa vya kompyuta, wakaweza kutenganisha gesi zilizochanganyika kwa sekunde chache tu. Kazi hiyo haikuitikiwa sana hadi mwaka 1990, Andreas Manz na wenzake wa kampuni ya Ciba-Geigy mjini Basel, Uswisi, walipotoa hoja kwamba hatua zote za uchunguzi wa kikemia, tangu kutayarisha sampuli hadi kusoma matokeo, zingeweza kukusanywa katika kifaa kimoja kidogo.

Katika mifereji ya kiasi hicho maji hubadili mwenendo: mikondo miwili inayopita sambamba haivurugani, bali vilivyomo huvuka upande wa pili kwa kusambaa polepole, jambo linalompa mtafiti udhibiti asioupata katika bilauri.

Hata hivyo, kilichoeneza maabara hizi si udogo wake bali ni unafuu wa malighafi. Silikoni na kioo vilidai vyumba visivyo na vumbi na mitambo ya gharama kubwa, lakini mwaka 1998 kundi la George Whitesides wa Chuo Kikuu cha Harvard lilionyesha kwamba mpira laini unaopitisha mwanga, uitwao PDMS, ungeweza kumiminwa kwenye kalibu, ukaganda na kubanduliwa ukiwa na mifereji yake, hivi kwamba mchoro wa leo uliweza kujaribiwa kesho. Mwaka 2000 Stephen Quake na wenzake wa California walitumia mpira wa aina hiyo kutengeneza valvu ndogo zinazofungwa kwa shinikizo la hewa, na mwaka 2010 Dan Huh na Donald Ingber wakaotesha seli za mapafu na za mishipa ya damu katika pande mbili za utando mmoja unaovutwa na kuachiwa kama pafu linalopumua. Matumaini kwamba chipu kama hizo zitapunguza majaribio kwa wanyama yana msingi, na sheria ya Marekani iliyotiwa saini Desemba 2022 imeondoa sharti la kuwatumia wanyama kabla ya dawa kujaribiwa kwa binadamu. Lakini pafu la chipu si mwili mzima, na PDMS yenyewe hufyonza baadhi ya dawa zinazopimwa.

Afrika Mashariki imo katika historia hii. Nchini Rwanda, kundi la Samuel Sia wa Chuo Kikuu cha Columbia lilijaribu chipu ya kupima VVU na kaswende, likachapisha matokeo mwaka 2011, na mwaka 2015 likaonyesha kifaa kinachochomekwa kwenye simu na kutoa majibu kwa dakika 15 kutokana na damu ya kidoleni.

Tangu mwaka 2007, Whitesides na wenzake wameonyesha kwamba hata karatasi inaweza kuwa maabara, na baadaye nta ikatumika kuichorea kingo za mifereji. Vyuo vikuu vya Afrika Mashariki vianze hapo, kwa kuwa malighafi hizo zinapatikana.