Picha ya ukame iliyo kichwani mwako

Ukisikia neno ukame, unaona nini? Ardhi imepasuka, mzoga wa ng'ombe, mtoto amekonda na nzi usoni. Hata kama umezaliwa Umoja na hujawahi kanyaga Turkana. Hiyo picha ilitoka kwa TV, na mmoja wa walioipandikiza ni msee wa Nairobi.

Mohamed Amin alizaliwa hapa 1943. Oktoba 1984 alibeba kamera hadi Korem, kaskazini mwa Ethiopia, pamoja na Michael Buerk wa BBC. Taarifa yao ilirushwa tarehe 23. Dunia ikalia. Wanamuziki wakaingia studio, na Julai 1985 tamasha la Live Aid likachangisha mamilioni. Kuna watu walipona kwa sababu ya ile kamera, hapo sibishani. (1991 mlipuko Addis Ababa ulimkata mkono, na bado akarudi kazini. Huyo jamaa alikuwa moto.)

Lakini cheki kilichobaki nje ya picha. Serikali ya Mengistu ilikuwa vitani na waasi wa Tigray na Eritrea, na vita vilizuia chakula kufika. Watazamaji wengi walibaki na stori fupi: mvua imekataa, watu wanakufa, toa pesa.

Hiyo stori tukairithi. 2011 Turkana ilipokauka, TV zetu zilituonyesha, na kupitia Kenyans for Kenya tukatuma M-Pesa, kila mtu na kidogo chake. Ilikuwa poa sana. Mvua ikanyesha, kamera zikarudi Nairobi.

Halafu kuanzia mwisho wa 2020, misimu mitano ya mvua ikafeli mfululizo. Aprili 2023 wanasayansi wa World Weather Attribution wakasema joto linaloletwa na binadamu kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi lilifanya uwezekano wa ukame kama ule kuongezeka karibu mara 100. Kumbe kuna mkono wa mtu, na si wa mfugaji wa Marsabit! Mimi hiyo niliisoma kwa simu. Kwa TV nakumbuka magunia ya mahindi na mheshimiwa akipigwa picha nayo.

Nilijaribu kumweleza shosho yangu, ambaye husema ukame ni wa Mungu tu. Akanitazama.

"Kama ni hivyo, mbona hawajasema? Na mimi sikosangi taarifa ya saa moja."