Minyoo wenye sare moja: kwa nini wapimaji wanamtaka mtoto wako (Sehemu ya 4)



Baada ya sehemu ya 3, mama mmoja aliniuliza: "Nesi, wapimaji wa usubi wakija shuleni, kwa nini wanadunga watoto wadogo wakati wanaowashwa ngozi ni wazee?" Swali zuri sana. Kulijibu lazima turudi nyuma kidogo.

Kuna minyoo wembamba kama uzi. Mmoja huenezwa na mbu, analeta matende na mabusha. Mwingine huenezwa na inzi mdogo mweusi wa kwenye mito yenye maji ya kasi, huyo ndiye wa usubi, na anaweza kumpofusha mtu. Kilosa, ambayo Gairo ilikuwa sehemu yake hadi 2012, imo kwenye orodha ya maeneo ya usubi nchini.

Zamani kuwapima ilikuwa shughuli. Vijinyoo vichanga vya matende hutoka kwenye damu ya juujuu usiku, kama saa nne hadi saa nane. Kwa hiyo wapimaji walipita usiku na taa na sindano. Hebu fikiria, watu wameshasikia habari za mumiani, halafu mgeni anabisha hodi usiku wa manane anataka damu! Usubi nao walikata kijipande cha ngozi kwenye nyonga, wakakiloweka na kukitazama kwa hadubini. Mtoto gani akubali?

Wataalamu wakatafuta njia nyepesi. Mwaka 1930 Taliaferro na Hoffman waliandika kuhusu kipimo cha ngozi kilichotokana na mnyoo wa moyo wa mbwa. Ngozi ya mwenye minyoo ya matende ilivimba. Kwa nini mnyoo wa mbwa? Kwa sababu minyoo hawa ni ndugu, na miili yao ina vitu vinavyofanana, ndivyo tunavyoviita antijeni. Ni kama sare ya shule. Ukimwona mtoto kwa mgongo unajua huyu mwanafunzi, lakini hujui ni wa nani.

Hapo ndipo penye faida na hasara. Faida: mwaka 1990 watafiti wa Australia walitoa kipimo cha matende ambacho kingamwili yake ilitengenezwa kwa mnyoo wa ng'ombe, na kikafanya kazi kwa binadamu. Baadaye zikaja kadi za tone la kidole, mchana kweupe, usiku watu wakalala.

Hasara ilionekana zaidi miaka ya 2010 huko Kongo na Kameruni. Wako watu wenye mnyoo mwingine, Loa loa, anayepita hadi kwenye jicho. Kadi iliwasoma baadhi yao kama wana matende, kumbe hawana. Na si mchezo, maana mwenye Loa wengi sana akipewa ivermectin anaweza kuzimia na kuumia ubongo. Sisi Tanzania hatuna Loa, kwa hiyo usiogope kingatiba kwa sababu hiyo.

Sasa turudi kwa mtoto wako. Huku Morogoro matende na usubi viko mkoa mmoja, kwa hiyo kipimo cha kusema tu "ana mnyoo wa ukoo ule" hakitoshi. Ndiyo maana usubi unapimwa kwa protini iitwayo Ov16, ambayo ni kama jina lililoshonwa kwenye sare. Lakini Ov16 inatafuta kingamwili, yaani kumbukumbu ya mwili. Babu akionekana chanya, huenda aliumwa na inzi miaka 30 iliyopita. Mtoto wa miaka 6 hana zamani hiyo. Akiwa chanya, kuna uwezekano inzi bado wanaambukiza.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2016 unataka watoto chanya wa chini ya miaka 10 wawe pungufu ya 1 kati ya 1,000 ndipo kingatiba isimamishwe, na inzi nao hupimwa. Umeona ilivyo nyembamba? Kipimo kikichanganya minyoo kwa watoto wawili watatu tu, wilaya nzima itameza dawa miaka mingine bure. Na mkificha watoto, tunaweza kuacha dawa mapema, macho yakalipa.

Kwa hiyo mama:
👉 Mruhusu mtoto adungwe kidole.
👉 Akiwa chanya, usilie wala usimpe dawa ya dukani. Chanya si upofu. Mlete kituoni.
👉 Tuambie mmeishi wapi na mmemeza kingatiba lini. Kadi haijui hayo, wewe unayajua.

Sehemu ya 5 ni kichocho. Mwenye swali aliache hapo chini, nikitoka zamu ya usiku nitajibu. Usiku mwema 🙏🏾